Nani Atamgeuza Saa Nane Usiku?

Desemba ikiingia na mvua zikakaza, vijiji vya Bonde la Kilombero huanza kupungukiwa watu. Familia hufungasha sufuria, mbegu, majembe na vyandarua, zikahamia mashambani kwenye vibanda vya mpunga, na wengi hawarudi kukaa kijijini mpaka mavuno yaishe, Juni au hata Julai. Watoto wa shule hubaki. Wazee hubaki. Na mgonjwa asiyeweza kujinyanyua hubaki pia, kalala chali, akisubiri mtu arudi.

Mama yangu mkubwa alibaki hivyo. Kiharusi kilimpata msimu wa kupanda, upande wa kulia ukafa kabisa na maneno yakapotea. Alilazwa wiki mbili katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, akaruhusiwa akiwa na dawa za presha na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna aliyetuambia kwamba anatakiwa kugeuzwa. Sisi tuliona ni huruma kumwacha apumzike, kwa sababu kila tulipomshika alikunja uso kwa maumivu. Siku tulipoona doa jeusi juu ya kifandugu, ukubwa wa kifuniko cha soda, tulidhani amekwaruzwa na mkeka. Siku kumi baadaye mfupa ulikuwa unaonekana. Alifariki mwezi wa tano, na walioitwa kutoka mashambani walikuta kaburi limeshachimbwa.

Watu husema mgonjwa "ameota vidonda", kana kwamba vimechipuka vyenyewe. Havioti. Uzito wa mwili hubana nyama kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu ikafungika, na nyama iliyokosa damu ikafa. Mara nyingi ubovu huanzia ndani, karibu na mfupa, na ngozi ndiyo ya mwisho kufunguka. Ndiyo maana juu unaona tundu dogo, lakini ukisafisha unakuta pango. Mwaka 1959 daktari wa Marekani, Michael Kosiak, alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba mgandamizo mkubwa wa muda mfupi na mgandamizo mdogo wa muda mrefu huharibu nyama vilevile. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujua. Aliyepooza hawezi. Ongeza mkojo unaolowesha ngozi, ongeza uji mtupu asubuhi na jioni bila samaki wala maharage, na kidonda kina kila kinachokihitaji.

Wagonjwa wa namna hii si wachache nchini. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu laki moja kwa mwaka upande wa Hai, na 315.9 upande wa Dar es Salaam. Huko Moshi, watafiti waliofuatilia waliovunjika uti wa mgongo na kutibiwa hospitali ya KCMC walikadiria kwamba mkoa wa Kilimanjaro hupata angalau watu wapya 26 kwa kila milioni kila mwaka. Wengi wao walianguka kutoka juu. Wengine walipata ajali barabarani. Vidonda vya kulala vilikuwa miongoni mwa matatizo makubwa yaliyowapata. Bondeni kwetu nako kuna minazi na miembe ya kuangukia, na bodaboda haihitaji maelezo.

Basi tuseme fedha zimepatikana, na mtu anakaa kuandika mradi wa kuzuia vidonda hivi mjini Ifakara, hapa bondeni. Kabla hajaandika mstari wa kwanza ningependa akumbuke historia ya miradi ya hapahapa, kwa sababu bonde hili limeona mingi. Mtafiti Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifungua maabara yake ndogo Ifakara mwaka 1957, na maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Watu wetu wamehesabiwa, wametolewa damu vidoleni na wamejibu maswali milangoni kwao kwa zaidi ya nusu karne.

Ninaoukumbuka kuliko yote ni mradi wa vyandarua wa KINET, ulioanza 1996 Kilombero na Ulanga. Chandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, katika maduka ya kawaida, na wajawazito na wenye watoto wadogo walipata punguzo. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Mwaka 2004 wazo la punguzo likapanda na kuwa mpango wa taifa wa Hati Punguzo. Kwa kipimo chochote, ule ni mradi uliofaulu.

Lakini jambo moja liligoma. Dawa ya chandarua ilikwisha nguvu baada ya miezi kadhaa na kwa kufuliwa, ikabidi chandarua kichovywe upya. Watu walinunua chandarua kwa hiari. Kukichovya tena, wengi hawakukichovya. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Kununua hufanyika mara moja, fedha za mpunga zikiwa mkononi. Kuchovya ni kazi inayorudi, na kila inaporudi inakuta shughuli nyingine imeshika nafasi. Elimu ilitolewa na haikutosha. Suluhisho likaja kutoka kiwandani, pale vilipotengenezwa vyandarua ambavyo dawa imefungwa ndani ya uzi wenyewe, vikiwemo vya kiwanda cha A to Z cha Arusha. Kazi ya kurudia ikaondolewa mikononi mwa mama wa kijijini.

Vidonda vya kulala havina kiwanda cha namna hiyo. Hapa kazi ya kurudia ndiyo tiba yenyewe.

Ukisoma maandiko ya miradi ya wodini, utaona wepesi wa kuorodhesha vinavyonunuliwa mara moja. Magodoro mapya. Semina ya siku tatu kwa wauguzi, pamoja na posho. Bango la saa ukutani linaloonyesha lini mgonjwa alale kulia, lini chali, lini kushoto. Fomu ya Braden, iliyobuniwa Marekani na wauguzi Barbara Braden na Nancy Bergstrom katika miaka ya 1980, ambayo humpa kila mgonjwa alama kwa vitu sita: anahisije, ngozi ina unyevu kiasi gani, anatembea, anajigeuza, anakula nini, na anaburuzika kiasi gani kitandani. Ni fomu nzuri. Lakini fomu haina mikono. Muuguzi akishaandika kwamba mgonjwa wa kitanda cha saba yuko hatarini sana, bado lazima atokee mtu amshike bega na nyonga amlaze ubavu, kisha arudi tena baadaye, na tena, mpaka kuche.

Katika wodi yenye wauguzi wawili zamu ya usiku, mmoja yuko kwenye dripu na mwingine anapokea mgonjwa mpya. Anayemgeuza mgonjwa ni ndugu yake, yule anayeuguza: dada, mke, mpwa aliyeacha kibarua. Naye kwa kawaida hutolewa wodini muda wa kuona wagonjwa ukiisha, akalala nje kwenye baraza na kanga yake mpaka alfajiri. Mradi haukumwita kwenye semina. Hayumo kwenye fomu wala kwenye bajeti. Ukiuliza nani alimgeuza mgonjwa saa nane usiku, bango la ukutani limejaa tiki, lakini tiki zote zimepigwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, asubuhi. Simlaumu aliyezipiga. Alipewa karatasi ya kujaza, hakupewa mtu wa kusaidiana naye.

Godoro nalo lina mambo yake. Sponji nzito yenye ganda la plastiki huingia wodini ikiwa imenona. Ganda likichanika mahali padogo tu, mkojo unapenya, sponji inaoza na kukaa kama chapati. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu: ingiza mkono chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, usawa wa makalio ya mgonjwa aliyelala. Ukiusikia mfupa wake, godoro limekwisha. Nayo magodoro ya upepo yanayojijaza na kujipunguza kwa umeme hupendwa sana na wafadhili, kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Uingereza waliyafanyia utafiti mkubwa wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, uliochapishwa 2019, wakiyalinganisha na godoro bora la sponji. Tofauti waliyoipata ilikuwa ndogo mno kuweza kusimamia uamuzi. Hiyo ni nchi ambayo umeme haukatiki kila mvua inaponyesha. Mimi fedha hizo ningezipeleka kwenye sponji nzuri, maganda ya akiba, na mtu wa usiku.

Kuhusu usiku, utafiti una habari njema, nami ningetamani habari hiyo ifike kila wodi ya bonde hili. Kanuni ya kugeuza kila saa mbili ilipata nguvu kupitia Ludwig Guttmann, aliyefungua kitengo cha waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, Februari 1944. Aliwageuza askari wake kila saa mbili, usiku na mchana, wakati ambapo wengi walichukulia kwamba watu wa aina hiyo wanakwenda kufa tu. Kanuni hiyo iliokoa watu, ikaenea dunia nzima, na ikafika kwetu kama amri. Amri isiyotekelezeka hugeuka kuwa tiki za asubuhi.

Lakini mwaka 2011 watafiti wa Ireland walichapisha jaribio la wazee 213 katika vituo vya kutunzia wazee. Kundi moja liligeuzwa kila saa tatu usiku, kwa kulazwa ubavu nusu tu, kwa mwinuko wa nyuzi 30, mito ikiwekwa mgongoni. Kundi la pili liliendelea na utaratibu uliozoeleka, kila saa sita. Waliopata vidonda walikuwa asilimia 3 kwenye kundi la kwanza na 11 kwenye la pili. Miaka miwili baadaye utafiti wa Marekani na Kanada wenye wazee 942, ulioongozwa na Bergstrom yuleyule wa fomu, ulilinganisha kugeuza kila saa mbili, tatu na nne kwa watu waliolala kwenye sponji nzito. Haukuona tofauti ya maana.

Msomaji asikimbilie kusema basi saa nne zinatosha popote. Wazee wale walikuwa kwenye magodoro mazuri, wakila vizuri, wakikaguliwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kijana aliyevunjika mgongo shambani, asiyehisi kitu kuanzia kiunoni, juu ya godoro lililokaa chapati, ana hali nyingine kabisa. Ninachokiona hapo ni mlango. Kama ratiba ya saa tatu au nne inaweza kumlinda mgonjwa kwenye sponji nzuri, ndugu mmoja anaweza kuimudu usiku mzima: saa mbili, saa tano, saa nane, saa kumi na moja. Jaribio la namna hiyo linaweza kufanyika Ifakara. Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko ipo, chuo cha udaktari kipo jirani, na taasisi iliyojaribu vyandarua na chanjo ipo palepale. Chombo cha kupima ni jicho, mkono na saa ya ukutani.

Jicho lenyewe linahitaji mafunzo yaliyoandikwa kwa ajili yetu. Vitabu vingi vilivyotoka Ulaya vinasema hatua ya kwanza ya kidonda ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na muuguzi anayeusubiri atakuja kuona kidonda kikiwa kimeshafunguka. Kwetu mkono hutangulia jicho: ngozi ya hapo ina joto kuliko ya pembeni, au imekuwa ngumu, au imelegea kama embe lililobonyea, au imeingia weusi wa zambarau, au mgonjwa anashtuka ukipagusa. Miongozo ya kimataifa ya miaka ya karibuni inalisema jambo hili. Mabango ya wodini bado hayajalisema.

Kuna mengine ya kuacha. Kizazi cha wauguzi walioheshimika kilifundishwa kusugua mgongo kwa spiriti na kupaka poda. Kusugua ngozi iliyoanza kuumia huiumiza zaidi. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino, na ringi ya tyubu chini ya makalio, hufanywa kwa nia njema kabisa, lakini miongozo inazikataa: ringi hubana damu kuzunguka pale palipoachwa wazi, na glavu haikinyanyui kisigino. Kisigino huokolewa kwa mto chini ya shavu la mguu, kikaning'inia hewani. Na kwa kidonda kilichokwisha kufunguka, watu wetu hutumia asali, na sukari, ambayo hapa bondeni hutoka Kidatu tu hapo juu. Vyote viwili vina historia ndefu ya kukausha bakteria kidondani, na sivibezi. Ila hakuna dawa ya kupaka itakayoponya kidonda ambacho mgonjwa bado amekilalia.

Tena kidonda huweza kuanzia njiani. Kabla daraja la Mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, mgonjwa wa Mahenge au Malinyi, ng'ambo ya mto, alisubiri pantoni ukingoni, juu ya ubao wa gari. Watu wa hapa hawajasahau kuzama kwa kivuko Januari 2016. Daraja limeondoa kusubiri kule, lakini hakuna aliyelala sawasawa nyuma ya gari. Nyama iliyokufa njiani huweza kuchukua siku mbili au tatu kuonekana kwenye ngozi, na wakati huo mgonjwa ameshaandikishwa wodini. Mradi unaohesabu vidonda vya wodi bila kukagua mgongo na visigino siku ya kupokelewa utawahukumu wauguzi kwa kosa la barabara, na wauguzi wakiona wanaonewa, wataacha kuandika vidonda.

Sisemi kwamba kazi ya kila siku haiwezekani kufundishwa. Bonde hili linaijua kutokana na ukoma. Kilombero ni mojawapo ya wilaya tatu za Tanzania, pamoja na Liwale na Nanyumbu, zilizochaguliwa kujaribu kinga ya ukoma kwa watu wa karibu na wagonjwa. Ifakara imewatunza wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Kidonda cha unyayo cha mwenye ukoma ni ndugu wa damu wa kidonda cha kulala. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, alionyesha kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma haiozi yenyewe. Huumizwa na mgandamizo ambao mguu umepoteza uwezo wa kuuhisi. Kutokana na hilo wagonjwa walifundishwa kukagua nyayo zao kila jioni, kuziloweka, kuzipaka mafuta na kuzipumzisha. Wanakijiji wasiojua kusoma wameifanya kazi hiyo miaka na miaka, kwa sababu walifundishwa wao wenyewe, kwa lugha yao, wakaelezwa sababu. Kijana mwenye kiti cha magurudumu naye anaweza kupewa kioo kidogo cha mkononi akague makalio yake, na kujinyanyua kwa mikono kila baada ya dakika chache.

Na anayelala nyumbani anahitaji mtu wa kumtembelea. Kati ya 2011 na 2015 mradi wa Connect uliweka wahudumu wa afya wa jamii wanaolipwa, waliojulikana kama WAJA, katika vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji. Vijiji 101 viligawanywa kwa bahati nasibu. Walikuwa vijana wa vijijini humo, waliofundishwa miezi tisa. Mwishoni jaribio halikuweza kuonyesha kwamba vijiji vyenye WAJA viliokoa watoto wengi kuliko vingine, na watafiti walitaja upungufu wa dawa muhimu kama sababu mojawapo. Mhudumu alifika mlangoni, mkoba ukiwa mtupu. Hilo linauma, lakini kwa habari yetu lina upande wa matumaini, kwa sababu kugeuza hakuishiwi akiba ghalani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa nchi nzima. Kumkagua mgonjwa asiyenyanyuka na kumfundisha anayemuuguza kunastahili kuwa moja ya kazi zao, kwa maandishi, kukiwa na siku yake ndani ya wiki. Na kuanzia Desemba, msimu wa kuhamia mashambani, wapite mara mbili.

Kwa wanaoandika miradi ombi langu ni moja. Mstari wa kwanza wa bajeti uwe wa anayeuguza: afundishwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa, amgeuze mbele ya muuguzi mpaka aweze, apewe nafasi ya kulala karibu na kitanda. Magodoro yafuate baadaye.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtu asiyeweza kujigeuza, usiku huu washa taa, umtazame kifandugu, nyonga, visigino na kisogo, na upapase kwa kiganja. Mlaze ubavu nusu, mto mgongoni, mto kati ya magoti, visigino hewani. Mbadilishe nepi ikilowa. Mpe yai, dagaa au maharage, si uji tu. Doa likionekana, asilalie tena hapo hata kwa dakika moja, na aonwe na mtaalamu wa afya siku hiyohiyo. Na mvua zikianza, mkikaa kugawana nani aende shambani, aachwe nyumbani mtu mmoja mwenye nguvu za kumgeuza.